Ndugu yako ameshikwa: wakili yupi, dhamana gani? Tulinganishe kabla hujatuma pesa

Mdogo wangu alishikwa Ijumaa jioni. Aligombana na jirani, jirani akaumia mkono, akaenda stesheni akaandikisha. Kufika saa mbili usiku nyumbani tushachanga shilingi 45,000 na kila mtu ana lake, mjomba anataka wakili mkubwa wa Nairobi anayemjua, mamangu anataka pesa yote ipelekwe stesheni mtoto atolewe usiku huohuo, shangazi anasema tungoje Jumatatu korti aje na hati yake ya shamba. Wote walikuwa na sababu kabisa. Tatizo ni kwamba hatukukaa tukalinganisha, na mfuko ulikuwa mmoja. Ukimpa wakili pesa yote hakuna ya dhamana, ukiweka yote kwa dhamana hakuna wa kukusemea kesi ikianza.

Mjomba akatuma 20,000 Nairobi usiku uleule. Jumatatu wakili yule alikuwa na kesi nyingine, akatuma kijana wa ofisi yake ambaye alifika saa tano na sisi tushaitwa saa tatu na nusu. Mdogo wangu akasimama peke yake, akakana shtaka (hapo alifanya vizuri sana), hakimu akasema bondi ya 200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hichohicho, ama keshi beli, yaani dhamana ya pesa taslimu, ya 50,000. Sisi mkononi tuna 25,000. Kama ile 20,000 ingekuwa bado nyumbani tungekopa 5,000 hapo nje ya korti na angelala kwao. Akalala rumande siku mbili.

Kwa hivyo nimeandika hii kwa yule ambaye simu imeingia saa hii na hajui aanzie wapi. Ni ya Kenya, sheria za Tanzania na Uganda zina taratibu zao, usizichanganye.

Kwanza haya uyajue, manake yanabadilisha hesabu

Katiba ya 2010 kifungu cha 49 inasema aliyeshikwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuongea na wakili, na apelekwe kortini ndani ya saa 24. Ila hizo saa zikiisha wakati korti imefungwa, basi ni mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata, na ndio maana watu wanaiogopa ile kamatakamata ya Ijumaa, ukishikwa Ijumaa jioni Jumatatu ndio siku yako. Kifungu hichohicho kinampa haki ya dhamana kwa masharti ya kiasi isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia, kama vile kuonekana kwamba atatoroka au atavuruga mashahidi. Na kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, hafai kuwekwa rumande hata kidogo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka walione. Unaweza kufika kortini Jumatatu ukitarajia ndugu yako asomewe mashtaka ukasikia hasomewi, polisi wameleta ombi wapewe siku zaidi wachunguze. Mawakili wanaliita "misc". Hapo ndipo wakili anaonyesha kazi yake, kwa sababu mtu wa kawaida atanyamaza tu akidhani ni utaratibu, kumbe ombi hilo unaruhusiwa kulipinga palepale.

Maswali manne ya kupimia

Kila njia hapa chini nimeipima kwa mambo yaleyale manne. Atatoka haraka kiasi gani? Pesa ngapi inatoka leo, na ile inayotoka inarudi au imeenda? Mambo yakiharibika nani anabeba mzigo? Na njia hii inakufikisha wapi, kwenye dhamana tu au mpaka mwisho wa kesi?

UPANDE WA WAKILI

Wakili wa karibu na korti hiyohiyo

Huyu ndiye mwenye ofisi pale mtaani, juu ya duka la simu au mkabala na korti, utamwona asubuhi na faili kwapani. Kwa haraka ni vigumu kumshinda, ukimpigia usiku asubuhi na mapema yuko stesheni, anajua korti namba ngapi inasikiza mashtaka mapya, anajua rejista iko mlango gani, na anajua hakimu wa pale anapenda mdhamini aje na karatasi gani. Ujuzi huo wa karatasi unaokoa siku nzima. Pesa yake kwa kawaida ni nafuu kwa sababu hakuna nauli wala hoteli, na wengi watakubali kukuchaji kazi ya siku ya kwanza peke yake, yaani kusimama wakati wa kusomewa mashtaka na kuomba dhamana, halafu kesi yenyewe mkaongea baadaye. Pesa hiyo hairudi.

Ubaya wake ni kwamba mji ukiwa mdogo anaweza kuwa anamjua mlalamishi pia, au ashawahi kumsimamia. Muulize waziwazi, wakili muungwana atakwambia. Na kama kesi ni ya mambo ya kipekee, mfano ya kimtandao au ya mahesabu ya kampuni, huenda yeye kila siku ni kesi za kupigana na mashamba.

Wakili wa mbali mwenye jina

Hapa nisionewe nina kinyongo, yaliyotupata sisi yalikuwa ya ratiba, na kuna kesi ambazo mtu wa aina hii ndiye unayemhitaji. Kesi nzito, kesi ya ufisadi, kesi yenye ushahidi wa kitaalamu, uzoefu wake utauona pale anapomhoji shahidi, sio siku ya dhamana. Kwa haraka yuko nyuma, anategemea ndege au treni ya SGR na kesi zake nyingine. Tangu mwaka wa 2020 korti nyingi zimezoea kusikiza kwa video mambo ya kutajwa (zile siku fupi za kuangalia kesi imefika wapi), kwa hivyo umbali sio shida kama zamani, ila uhakikishe korti yenu siku hiyo inakubali. Pesa ni nyingi, inatakiwa mapema, na juu yake kuna gharama ya safari kila tarehe. Uliza swali moja kabla hujatuma chochote: "Jumatatu asubuhi unakuja wewe mwenyewe ama unatuma mtu, na huyo mtu atatoka mji gani?"

Msaada wa kisheria wa bure

Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ambayo ndiyo iliyounda huduma ya taifa ya msaada wa kisheria, ile inayojulikana kama NLAS, kwa ajili ya wasioweza kulipa. Kuna Kituo cha Sheria ambacho kiko tangu 1973, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, kwa mambo ya kina mama. Na katiba kifungu cha 50 inasema serikali ikupe wakili kwa gharama yake kama bila hivyo haki itakosekana pakubwa, ndio maana kwenye kesi za mauaji Mahakama Kuu humteulia mtu wakili akiwa hana uwezo. Pesa haitoki. Haraka ndio penye shida, ofisi hizo zina watu wengi na kuna fomu ya kuonyesha kwamba huna uwezo, kwa hivyo kwa usiku wa Ijumaa usizitegemee peke yake. Ila kwa safari ndefu ya kesi zinaweza kukufikisha mwisho. Hakimu pia anatakiwa amwambie mshtakiwa asiye na wakili kwamba ana haki hiyo, asipoambiwa anyooshe mkono aulize.

Kusimama peke yako siku ya kwanza

Watu wengi wanafanya hivi, na kwa kosa dogo sio wazimu. Unasomewa, unajibu, unasema "Mheshimiwa naomba bondi nafuu", unaeleza unaishi wapi, una watoto wangapi, unafanya kazi gani. Mkalimani yupo na halipishwi. Hatari kubwa ni mtu kukubali kosa ili yaishe arudi nyumbani. Ndugu yangu, ukikubali umehukumiwa, na hukumu inaweza kukusubiri kwenye cheti cha tabia njema siku unapotafuta kazi, na huku kwetu Pwani vijana wangapi wanakitafuta hicho cheti ili waende Qatar au Oman. Kama hujaongea na mtu yeyote wa sheria, kana shtaka kwanza uombe dhamana, kukubali utakubali siku nyingine ukitaka.

Yeyote utakayemchagua muangalie jina lake kwenye tovuti ya LSK (chama cha mawakili wa Kenya), pale pa kutafuta mawakili, inachukua dakika mbili. Wakili wa kweli ana nambari ya P105, yaani nambari yake ya uwakili, na cheti cha kazi cha mwaka huu, vinaisha tarehe 31 Disemba kila mwaka, kwa hivyo cheti cha mwaka jana ukutani sio jibu. Mwaka wa 2023 nchi nzima iliongea juu ya mtu aliyedaiwa kufanya kazi ya uwakili bila kuwa wakili, basi usione haya kumwangalia mtu. Na watu wanaokuvizia mlangoni kwa korti wakisema "mimi namjua hakimu, leta kitu kidogo" hao sio mawakili, pesa hiyo imepotea na inaweza kukuletea kesi yako mwenyewe.

UPANDE WA DHAMANA

Kuna sehemu mbili za kupewa dhamana, stesheni na kortini. Stesheni OCS, yaani mkuu wa kituo, anaweza kumwachilia mtu kwa makosa yasiyo mazito, asaini bondi kwamba atafika korti tarehe fulani. Bondi ya polisi hailipiwi, kama umeombwa pesa basi iwe ni keshi beli na upewe risiti yenye jina, kiasi na tarehe. Hakuna risiti, hakuna dhamana, umetoa pesa tu. Makosa kama mauaji na wizi wa kimabavu hayo yanangoja korti. Na chukua namba ya OB (kitabu cha matukio pale stesheni), sisi tuliiandika kwenye kiganja kwa kalamu kwa sababu simu ilizimika, kila mahali tulipofika baadaye ndiyo waliyoulizia kwanza.

Bondi ya bure

Mtu anaachiliwa kwa neno lake na sahihi yake, hakuna anayeweka pesa wala hati, ila kuna kiasi kimeandikwa ambacho anaweza kudaiwa akikosa kufika. Anatoka siku hiyohiyo. Pesa hakuna. Mzigo wote uko kwa mshtakiwa mwenyewe. Inatolewa zaidi kwa makosa madogo, kwa wanafunzi, wagonjwa, mama mwenye mtoto mchanga, mtu mwenye makao yanayojulikana. Watu hawaiombi kwa sababu hawajui inaombwa! Wakili wa karibu aliyejipanga ataianza hiyo kwanza kabla hajataja pesa, ukimsikia hata hajaitaja muulize kwa nini.

Keshi beli

Hii unalipa pesa taslimu, siku hizi ni kwa mfumo wa malipo wa korti, unaleta risiti, karani anaandika hati ya kuachiliwa na mtu anatoka, mara nyingi siku ileile kama ulilipa kabla ya jioni. Ndiyo ya haraka kuliko zote ukitoa bondi ya bure. Pesa ni nyingi leo lakini inarudi kesi ikiisha, ashinde ashindwe, mradi alikuwa anahudhuria. Watu wanachanganya hili na faini, wanadhani imekwenda. Haijaenda. Ila itakaa huko kwa muda wote wa kesi na kesi inaweza kuchukua mwaka au zaidi, kwa hivyo usiweke pesa ya karo ukitegemea irudi Januari.

Inarudi kwa yule ambaye jina lake liko kwenye risiti. Kama pesa imetumwa na kakako aliye Muscat amueni mapema jina la nani liandikwe, nimeona familia zikinuniana miaka kwa hili tu. Na msitume kwa namba ya mtu binafsi hata kama anajiita karani.

Mzigo ni pesa yenyewe, akitoroka imeenda na yeye atatafutwa kwa waranti.

Bondi na mdhamini

Hapa mtu mwingine anaweka ahadi kwa niaba yako, na anaonyesha mali yenye thamani ya kiasi kilichotajwa, hati ya shamba, logibuku ya gari, wakati mwingine karatasi za mshahara. Haitoki shilingi kubwa leo, ni fotokopi, nauli, ada ya kukagua hati kwa ofisi ya ardhi, na mara nyingine ripoti ya thamani ya mali. Kwa familia yenye ardhi na isiyo na keshi hii ndiyo njia. Lakini sio ya haraka, manake hati lazima ihakikishwe na mdhamini ahojiwe.

Shangazi alikuja Jumanne na hati ndani ya bahasha, bahasha ndani ya leso, leso ndani ya mfuko wa nailoni. Karani akamwambia arudi na barua ya chifu, pini ya KRA (ile namba ya ushuru), picha mbili na matokeo ya ukaguzi wa ardhi. Nusu ya hayo tungeyajua Jumamosi kama tungekuwa na wakili wa pale. Jumatano ndio akasimama mbele ya hakimu.

"Mama, unamjua mshtakiwa?"

"Ni mtoto wa kakangu, mheshimiwa, nimemlea mimi."

"Akikosa kuja kortini utalipa 200,000 ama hiyo mali iuzwe. Unaelewa?"

Shangazi akanyamaza, akamwangalia yule kijana pale kizimbani, akasema, "Naelewa. Atakuja."

Huo ndio mzigo wa njia hii, unakaa juu ya mtu ambaye hakufanya lolote. Hati inabaki kortini mpaka kesi iishe, hawezi kuuza wala kuchukulia mkopo. Mdhamini akiona kijana ameanza kukwepa tarehe anaweza kurudi kortini aombe kutolewa kwenye udhamini, sheria inamruhusu, na mshtakiwa atatakiwa alete mwingine. Mwambieni hilo kabla hajasaini.

Na huku Pwani kuna hili, familia nyingi zinaishi kwenye ardhi vizazi na vizazi bila hati. Hakimu akisema mdhamini mwenye hati na nyinyi hamna, sio lazima mkate tamaa, wakili anaweza kuomba masharti yabadilishwe au yapunguzwe palepale, na ikishindikana Mahakama Kuu ina uwezo wa kupunguza dhamana iliyowekwa na korti ya chini au na polisi. Wakati mwingine hakimu anaagiza afisa wa probesheni afike nyumbani aandike ripoti kabla ya kuamua, akija mpokeeni vizuri na mseme ukweli, anachoandika kinasomwa.

SASA HALI YAKO NI IPI

Ni kosa dogo na mtu yuko stesheni: ulizia bondi ya polisi kwanza usiku huohuo, ya bure kisha ya keshi kwa risiti. Wakili anaweza kungoja, ila aliyeshikwa asiandike maelezo marefu akiwa na hofu, jina lake na makao yanatosha mpaka aongee na mtu.

Mna keshi kidogo na hamna hati: hapa ndipo hesabu ya mfuko mmoja inauma zaidi. Tafuta wakili wa karibu kwa kazi ya siku ya kwanza peke yake, mwelewane kiasi kwa maandishi na akupe risiti, na muweke pembeni sehemu kubwa kwa dhamana. Mfunguke kwake mna ngapi, ili akiomba keshi beli ataje kiasi mnachoweza.

Mna hati na hamna keshi: wikendi isipotee. Jumamosi tafuteni chifu, picha, pini, fotokopi za kitambulisho, na mdhamini alale karibu na mji wa korti ili Jumatatu asubuhi awe pale.

Mna vyote lakini kesi ni nzito: kuwa na wawili sio ufujaji. Wa karibu asimamie dhamana, wa mbali aje kwa ajili ya kusikizwa, na waongee wao kwa wao kabla ya siku ya kwanza.

Hamna chochote: nendeni ofisi ya msaada wa kisheria siku ya kwanza ya kazi mkiwa na namba ya OB na namba ya kesi, na mshtakiwa aseme kortini kwa mdomo wake kwamba hana uwezo, iandikwe kwenye faili. Baadaye akiomba masharti yapunguzwe hilo litakuwa limeshaandikwa.

Aliyeshikwa ni mtoto wa chini ya miaka 18: semeni umri wake pale stesheni mara ya kwanza kabisa na mlete cheti cha kuzaliwa, hafai kuchanganywa na watu wazima selo, na mzazi awepo.

Na akishatoka, piga picha ya risiti au ya hati ya bondi na muitume kwa watu wawili wa nyumbani, andika tarehe ya kortini ukutani jikoni. Ile tarehe moja tu ikikosekana ndiyo inakula keshi beli ya kakako au shamba la shangazi. Siku kesi ikiisha usiende nyumbani moja kwa moja, pitia rejista na risiti ya asili na kitambulisho uombe pesa au hati irudishwe, wengi wanasahau hapo wakiwa na furaha halafu wanarudi miaka baadaye risiti imepotea.